Bomba likipita kwetu, lisitupite

Haya wadau, nimerudi kijiweni. Najua nimewaacha kimya karibu mwezi mzima, na si kwa kupenda jamani. BTP ilinikalia kooni, na niliporudi chuo nikakuta test mbili zinanisubiri mlangoni kama mdai. Kwa wale wanaouliza habari za bumu: bado, na mkiuliza tena nitalia. Leo siandiki habari za bumu wala foleni ya mgahawani. Leo nina hasira, na hasira yenyewe ni ya bomba la gesi.

Msicheke. Juzi pale vimbwetani tulikuwa kama sita hivi, na mshkaji wangu mmoja wa uchumi (anajijua, na anasoma hapa) akamwaga hoja. Anasema Tanzania ina gesi ya kumwaga, kwa hiyo tuvute bomba hadi Mombasa, tuvute lingine hadi Uganda, tuuze, tupate dola, na hizo dola ndizo zitakazowafikia watu wa kwetu Mombo. Habari za kupeleka gesi yenyewe vijijini, eti, ni siasa. Wenzake wakapiga makofi. Mimi nikauliza swali moja tu: hizo dola zitashuka Mombo, au zitapitiliza na basi la Arusha? Wakacheka, mjadala ukafa, kila mtu akarudi kwenye desa lake.

Mimi halijafa. Nalijibu hapa kwa kirefu.

Kwanza niweke msimamo wangu mezani ili mtu asije akaniwekea maneno mdomoni. Sipingi kuuza gesi nje. Wala sisemi gesi ibaki Mtwara au ibaki Songo Songo. Ninachopinga ni bomba linalopita kwenye ardhi ya watu kuanzia mwanzo wake hadi mwisho wake bila kuacha hata koki moja njiani. Bomba la namna hiyo kwa watu wa njiani ni mtaro wa mtu mwingine uliochimbwa shambani kwako, halafu ukaambiwa usilime juu yake.

Tuanze na jambo ambalo linachanganya wengi, maana huwezi kubishana kuhusu kitu usichokijua. Nikiwa BTP nilifundisha Jiografia kidato cha pili. Tulipofika kwenye nishati, binti mmoja wa dawati la mbele akanyoosha mkono: "Ticha, gesi ya Mtwara si ndiyo hii anayonunua mama kwenye mtungi?" Darasa zima likaitikia ndiyo, ndiyo. Nikawaambia hapana. Na nawaambia na nyie wasomi wangu, maana hata hapa chuoni nimewasikia wengi wakisema hivyohivyo.

Gesi ya mtungi ni propani na butani. Ukiigandamiza kidogo tu inageuka kimiminika, ndiyo maana inakaa kwenye mtungi wa jikoni bila shida. Hiyo tunaletewa kwa meli kutoka nje, inashushwa Dar es Salaam na Tanga. Bei yake inapanda na kushuka kwa mambo ya dunia ambayo mama yangu wala hayajui. Gesi yetu ya Songo Songo na Mnazi Bay ni nyingine kabisa. Karibu yote ni methani, na methani haikubali kugeuka kimiminika kwa kugandamizwa tu katika joto letu la kawaida. Kuisafirisha kuna njia tatu: uipitishe kwenye bomba, uishindilie kwa presha kubwa sana kwenye mitungi maalumu kama ile ya bajaji na teksi za Dar zinazotumia gesi, au uipoze hadi nyuzi 162 chini ya sifuri igeuke maji na ujazo wake upungue mara mia sita, ndipo uipakie melini.

Kwa hiyo mtu akikwambia "si mna mitungi huko kwenu, mnataka gesi gani tena?", ujue anakuuzia gesi ya mwenzio na kukunyima ya kwako. Nchi imekalia gesi inayokadiriwa kufikia futi za ujazo trilioni 57 na ushee, sehemu kubwa ikiwa chini ya bahari ya kina kirefu, halafu mwananchi anapikia gesi iliyopanda meli kuja kwake. Kaazi kwelikweli!

Sasa bomba linafanyaje kazi? Nitaeleza kienyeji, watu wa uhandisi mnivumilie.

Gesi ikitoka kisimani haiendi moja kwa moja kwa mtumiaji. Inapita kwanza kwenye mtambo wa kusafishia, kama ule wa Madimba kule Mtwara au wa Songo Songo kule Kilwa, inaondolewa maji na uchafu. Halafu inaingia bomba la chuma kwa presha kubwa, na kuanzia hapo inakwenda yenyewe kutoka kwenye presha kubwa kuelekea kwenye presha ndogo. Safari ikiwa ndefu presha inachoka njiani, inabidi uweke mitambo ya kuisukuma upya. Ikifika mlangoni mwa mji inakuta kituo cha kupunguzia presha, inatiwa harufu (maana gesi hii yenyewe haina harufu, ikivuja usingejua), ndipo inagawanywa kwa mabomba madogo hadi kiwandani na jikoni. Ule mtandao ni kama mti: shina nene, matawi, vitawi, mwisho majani.

Na kuna jambo zuri ambalo watu wa Mkomazi na Upareni watalielewa haraka kuliko watu wa Dar. Lile bomba kubwa lenyewe ni ghala. Mahitaji yakipungua usiku, gesi inashindiliwa humo ndani, na asubuhi watu wakiwasha mitambo inatoka. Ni ileile akili ya ndiva. Usiku maji yanajaa bwawani, mchana yanafunguliwa mferejini, kila shamba kwa zamu yake. Wazee wetu walijua kwamba mfereji unaopita katika mashamba ya watu kumi lazima uwe na zamu za watu kumi. Aliye chini ana haki yake, aliye katikati ana haki yake. Hakuna aliyewahi kumwambia mwenye shamba la katikati: maji haya ni ya kule mwisho, wewe yatazame tu yakipita.

Ila kwenye mabomba ya kisasa ndivyo tunavyoambiwa, tena kwa kiingereza kizuri.

Tazameni historia. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974. Ya Mnazi Bay ikagunduliwa mwaka 1982. Ile ya Songo Songo ilikaa ardhini miaka 30 hadi mwaka 2004, lilipokamilika bomba la kama kilomita 25 baharini na zaidi ya kilomita 200 nchi kavu kuja Ubungo, kufua umeme, na tawi moja likaenda kiwanda cha saruji cha Wazo. Hilo lilikuwa jambo kubwa, sikatai. Nchi ilikuwa inateswa na mgao kila ukame unapoingia, na gesi ikatuokoa.

Kisha likaja bomba kubwa. Novemba 2012 Rais Kikwete aliweka jiwe la msingi Kinyerezi, na Oktoba 2015 likazinduliwa. Urefu wake kwa jumla ni kilomita zaidi ya 540, gharama kama dola bilioni 1.2, fedha nyingi zikiwa mkopo wa Benki ya Exim ya China. Lina uwezo wa kupitisha futi za ujazo milioni 784 kwa siku. Katikati ya miaka hiyo mitatu mnakumbuka kilichotokea Mtwara. Desemba 2012 watu waliandamana. Januari 2013 vikatokea vurugu. Mei 2013, baada ya bajeti ya Wizara ya Nishati kusomwa bungeni, mji ukawaka: majengo yakachomwa, jeshi likaingia, na watu walikufa. Wengi wetu hapa tulikuwa shule ya msingi, tulikuwa tunasikia tu redioni "gesi haitoki".

Wakati ule watu wa Mtwara waliitwa wabinafsi. Waliambiwa gesi ni ya Watanzania wote. Na kweli ni ya Watanzania wote! Hilo silipingi hata kidogo. Ila nauliza: kama ni ya wote, mbona ikishafika Dar inakuwa ya Dar? Watanzania wote tunalipa ule mkopo. Mama mdogo wangu anayepika chakula pale stendi ya Mombo analipa kila anaponunua sabuni yenye VAT. Ila jiko lake ni la mkaa, na moshi wake unamwingia yeye. Mtu wa Mtwara aliuliza swali sahihi wakati usiofaa kwa wakubwa: sisi tunabaki na nini? Mimi wa Mombo nalirudia swali hilohilo miaka zaidi ya kumi baadaye, tena kwa upole kabisa, kwenye blogu.

Na kwa upande wa majikoni hata Dar yenyewe haijanufaika kihivyo. Gesi imekwenda kwanza kwenye mitambo ya umeme ya Ubungo, Tegeta na Kinyerezi, halafu viwandani. Nyumba zilizounganishwa Mikocheni, Sinza na kwingineko, ukijumlisha na za Mtwara na Lindi, ni tone ndani ya nchi iliyohesabu watu milioni 61 kwenye sensa ya 2022. Na lile bomba kubwa kwa miaka mingi tangu lizinduliwe limekuwa likibeba sehemu ndogo tu ya uwezo wake. Yaani tumejenga mfereji wa mto, tukapitisha maji ya kijito, na bado tunawaambia watu wa njiani hayatoshi!

Sasa mtaniambia, wewe wa Mombo haya yanakuhusu nini, kwenu hakuna hata kisima kimoja cha gesi. Yananihusu sana, kwa sababu Mombo tunaijua hadithi hii kuliko mtu yeyote. Sisi tuliwahi kuwa mwisho wa bomba kabla bomba halijavumbuliwa nchini.

Reli ya Wajerumani kutoka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905. Unadhani ililetwa ili Msambaa aende kumsalimia shangazi yake Tanga? Ililetwa kuchukua mazao ya walowezi hadi bandarini. Na pale Mkumbara, karibu tu na Mombo, palifungwa kamba ya chuma ya angani kutoka msitu wa Shume huko juu, ikawa inashusha mbao za mierezi ya Usambara hadi relini. Magogo yalikuwa yanapita hewani juu ya vichwa vya watu! Miti yetu ilisafiri hadi Ulaya, sisi tukabaki na makorongo. Leo ukisimama Mombo ukatazama juu kule Lushoto, ukaona mvua zinavyoshusha tope, ukae ukijua kwamba mtandao wa kusafirisha mali nje ulikuwepo hapa zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na ulifanya kazi vizuri sana. Kwa upande mmoja.

Na sasa hivi bomba la mafuta ghafi la Afrika Mashariki, lile la kutoka Hoima Uganda hadi Chongoleani Tanga, kilomita 1,443, limekatiza wilaya yetu ya Korogwe. Hilo sitalilaumu kwa kutotoa toleo, maana mafuta ghafi hupikii ugali. Yale ni mazito, mpaka yapashwe moto ndani ya bomba ndipo yatiririke. Tunachopata pale ni fidia ya ardhi, ajira za ujenzi na mapato ya nchi kwa kupitisha. Ila limetufundisha jambo: njia ya bomba ikishachorwa na mikataba ikishasainiwa, mwanakijiji anabaki na swali la fidia tu. Mengine yote yalishaamuliwa.

Ndiyo maana nasema wakati wa kupiga kelele ni sasa, kabla. Mei 2021 Rais Samia alipokwenda Nairobi, Tanzania na Kenya zilisaini makubaliano ya kujenga bomba la gesi kutoka Dar es Salaam hadi Mombasa, urefu wa kama kilomita 600. Novemba 2023 tukasaini na Uganda kuhusu upembuzi yakinifu wa bomba la kwenda kwao. Kuna na ule mradi mkubwa wa kuigeuza gesi kuwa kimiminika Likong'o, Lindi, unaotajwa kwa zaidi ya dola bilioni 40, ambao serikali na kampuni zimezungumza kwa miaka na miaka. Mpaka naandika haya, hakuna hata mmoja kati ya hiyo mitatu ulioanza kujengwa. Vizuri! Maana yake kalamu bado haijakauka.

Tazama ramani. Huwezi kutoka Dar kwenda Mombasa kwa nchi kavu bila kuukatiza mkoa wa Tanga. Sasa mshkaji wangu wa uchumi anasema: toleo ni gharama. Kila ukikata tawi unahitaji vali, kituo cha kupunguzia presha, mita, watu wa ulinzi, na mji mdogo kama Mombo unatumia gesi kiduchu, haulipi. Hapa ana hoja, siwezi kumtupia mawe. Bomba linahitaji mteja mkubwa anayechukua gesi nyingi kila siku, mvua au jua, ndipo mkopo ulipike. Ndiyo maana mitambo ya umeme na saruji hutangulia, majiko hufuata.

Lakini yeye anaishia hapo, mimi naendelea. Huyo mteja mkubwa ndiye Mkenya! Viwanda vya Mombasa ndivyo vitakavyofanya bomba pana lilipe. Na bomba likishakuwa pana, gharama ya kila futi ya gesi inayopita inashuka, kwa Mkenya na kwa mtu wa Tanga vilevile. Kwa hiyo soko la nje si adui wa soko la ndani. Soko la nje ndilo linalomlipia mtu wa njiani nauli, ILA tu kama mkataba umemwandikia mtu wa njiani kiti. Asipoandikwa mwanzoni, basi litajaa na yeye atabaki stendi na kikapu chake cha mapea.

Na kuacha sehemu ya tawi wakati wa ujenzi, yaani kipande chenye njia tatu na vali yake iliyofungwa, ni jambo dogo ukilinganisha na kuja kulitoboa bomba lenye gesi miaka kumi baadaye. Hata fundi wa maji wa mtaani anajua hili. Unapojenga nyumba unaacha T ukutani hata kama bado huna hela ya sinki.

Haya si mawazo ya kijiweni tu. Wenzetu wamefanya. Bomba la gesi la Afrika Magharibi linatoka Nigeria kwenda Ghana, na njiani limeacha matoleo Cotonou, Benin, na Lomé, Togo. Hizo ni nchi ndogo, wateja wadogo, lakini zimeandikwa. Bomba la kutoka Temane, Msumbiji, kwenda Secunda, Afrika Kusini, kilomita 865, lilianza kazi mwaka 2004, mwaka uleule wa Songo Songo yetu. Lilijengwa kwa ajili ya kuuza nje, lakini liliachiwa sehemu za kutolea gesi ndani ya Msumbiji, na kutoka Ressano Garcia likakatwa tawi la kwenda Matola na Maputo. Na Tunisia je? Bomba la Algeria kwenda Italia linapita kwao tangu mwaka 1983, na Tunisia hulipwa ada ya kupitisha ambayo inaweza kuichukua kwa gesi yenyewe. Hawakuridhika kuitwa njia. Walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Kuna la kujifunza pia kwa upande wa hatari. Oktoba 2021 Algeria ilifunga bomba lililokuwa likipitia Morocco kwenda Hispania, kwa ugomvi wa kisiasa. Mwaka 2022 Ulaya ilijionea maana ya kutegemea bomba la mtu mmoja baada ya Urusi kuivamia Ukraine. Anayeuza kwa bomba ameoana na mnunuzi. Huwezi kesho kulikunja ukaligeuzia kwingine. Kwa hiyo ukiwa na wateja wengi wadogo wa ndani njiani, ugomvi wa wakubwa ukitokea huachwi na bomba tupu. Hata kwa hesabu za dola tu za mshkaji wangu, matoleo ya njiani ni akiba.

Wengine walinijia na hoja ya umeme. Wanasema sasa tuna Bwawa la Nyerere, mitambo tisa, megawati 2,115, imekamilika mwaka 2025, watu wapikie umeme, gesi ya nini? Mimi sina ugomvi na umeme. Ukiwa nafuu na usipokatika, mama mdogo apikie umeme na mimi nitakuja kula. Tena sikatai kwamba methani ikivuja inaharibu hali ya hewa vibaya kuliko hewa ukaa. Ila tazameni mahali penyewe. Viwanda vya chai vya Usambara vinakausha majani ya chai kwa moto wa kuni. Shule za bweni zinapika maharage kwa kuni. Sasa serikali imetoa mkakati wa nishati safi ya kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034, na taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zimetakiwa kuacha kuni na mkaa. Sawa kabisa. Naunga mkono. Lakini huwezi kumwambia mpishi wa shule ya Lushoto aache kuni huku gesi ya nchi yake unaipangia safari ya Mombasa bila kituo njiani. Kila gunia la mkaa linaloteremka Mombo ni kipande cha msitu. Tumeshawahi kushusha miti ya Usambara kwa kamba ya chuma, sasa tunaishusha kwa bodaboda.

Basi, nisimwage lawama tu kama mchambuzi wa mpira. Nadai mambo manne.

1. Matoleo yaandikwe ndani ya makubaliano ya kuuza nje KABLA njia haijachorwa. Sera ya Gesi Asilia ya mwaka 2013 inatanguliza soko la ndani. Basi sera hiyo ionekane kwenye chuma, isiishie kwenye karatasi. Tanga mjini, Muheza, Korogwe, na tawi la kupanda Mombo kwa ajili ya viwanda, hospitali na shule. Sisemi kila nyumba ya Mombo iwe na mita kesho, mimi si mgombea. Nasema vali iwepo.

2. Wilaya zinazopitiwa zipate fungu lao linalojulikana. Kilwa na Mtwara zinadai ushuru wa huduma kwa sababu gesi inatoka kwao. Mwenye ardhi ya kupitia naye awe na chake, kila mwaka, si fidia ya mara moja ya minazi na makaburi.

3. Wakati bomba halijafika, gesi ije kwa magurudumu. Pale Dar, barabara ya Sam Nujoma, kuna kituo mama cha kushindilia gesi, na gesi iliyoshindiliwa inaweza kupakiwa kwenye malori ikapelekwa vituo vingine. Barabara ya Dar kwenda Arusha inapita Mombo, mabasi na malori hayahesabiki. Kituo kimoja kikubwa njiani kingelisha magari, na hapohapo kikalisha majiko ya shule na migahawa ya stendi. Huyo ndiye mteja mkubwa ambaye mshkaji wangu anasema hatuna.

4. Mikataba tuione. Sheria ya uwazi katika tasnia ya uziduaji ya mwaka 2015 inataka mikataba iwekwe hadharani. Haihitaji maandamano. Inahitaji watu wanaojua kuuliza.

Na hapo ndipo sisi tunapoingia, hasa nyie wenzangu wa ualimu. Mwakani wengi wetu tutakuwa mbele ya darasa. Tutafundisha kwamba "Tanzania ina gesi asilia, inapatikana Songo Songo na Mnazi Bay", watoto wataandika, watafaulu, halafu watakwenda nyumbani kupuliza moto wa kuni. Tukiishia hapo tutakuwa tumewafundisha jina la mali yao bila kuwafundisha kuidai. Mimi nitachora ramani ubaoni, nitachora bomba, halafu nitamuuliza mtoto: toleo lako liko wapi? Asipoliona, aulize kwa diwani, aulize kwa mbunge. Hilo nalo liko kwenye silabasi ya Uraia, msije mkasema nimechochea.

Mshkaji wangu wa uchumi, uwanja ni wako. Njoo na hesabu, usije na makofi. Nionyeshe bomba moja duniani lililowatajirisha watu wa njiani kwa kuwapita tu, nami nitakununulia chipsi mayai siku bumu likitoka.

Wengine mnasemaje wadau? Wa Lindi, wa Mtwara, wa Kilwa, hasa nyie ndio nataka kuwasikia, maana mnaishi nalo. Na wa Tanga amkeni, zamu yetu inakuja.

Nawasilisha.